Silabi ya Kuungia: Historia ya "ku" na "te" katika Sarufi ya Kijapani

Mzungumzaji wa Kiswahili akitaka kuusifu mlima kwa sifa mbili husema "mlima mrefu na mzuri", ambapo kila kivumishi huvaa kiambishi cha ngeli ya nomino, kisha neno "na" likasimama katikati na kuviunga. Kijapani hakina ngeli za namna hiyo, na kivumishi chake hakina haja ya kupatana na nomino. Badala yake hunyambuka kama kitenzi, kikibadilisha mwisho wake kulingana na kazi iliyo mbele yake: takai ni "-refu", takakatta ni "ilikuwa -refu", takakunai ni "si -refu", na takakute ni "-refu, tena". Kwa hiyo "mrefu na mzuri" huwa takakute utsukushii, bila neno lolote katikati, na neno to, ambalo huunga nomino mbili kama "na" ya Kiswahili, haliwezi kabisa kusimama kati ya vivumishi hivyo. Kiungo kimo ndani ya mkia wa neno la kwanza. Mkia huo mfupi, wenye silabi ku na te, una historia ya zaidi ya miaka elfu moja na mia mbili, na historia hiyo inaeleza mengi ambayo kanuni za vitabu vya kufundishia huyaacha yaonekane kama ukaidi wa lugha.

Jambo la pili la kutanguliza ni mahali panapokaa njeo, yaani wakati wa tendo. Mswahili akisema "alifika, akaketi, akala", kitenzi cha kwanza ndicho kinachobeba wakati, na vile vinavyofuata vyenye "ka" huegemea nyuma juu yake. Kijapani hufanya vivyo hivyo kwa mwelekeo wa kinyume: vitenzi vyote vya mwanzo humalizikia kwa te bila kutaja wakati, na cha mwisho peke yake ndicho kinachoamua iwapo mambo hayo yalitendeka, yanatendeka au yatatendeka. Katika kite, suwatte, tabeta, mpaka tabeta itamkwe msikilizaji hajui kama anasimuliwa ya jana au anapangiwa ya kesho. Sentensi nzima huegemea mbele, na kishazi, yaani sehemu ya sentensi yenye kitenzi au kiarifu chake, humkabidhi mwenzake mzigo ambao yeye mwenyewe hakuubeba.

Maandiko marefu ya kwanza ya Kijapani yaliyosalia ni ya karne ya 8, miongoni mwake Kojiki ya mwaka 712 na diwani kubwa ya mashairi iitwayo Man'yōshū, yaliyoandikwa kwa herufi za Kichina zilizotumiwa mara kwa maana na mara kwa sauti tu. Humo kivumishi kinaonekana kikiwa na maumbo yaliyogawana kazi kwa uwazi. Umbo la shi lilimaliza sentensi, la ki lilitangulia nomino, na la ku lilitangulia kitenzi au kivumishi kingine. Mtu wa zama hizo angeweza kusema sora aoku, umi hiroshi, yaani "anga ni la samawati, na bahari ni pana", ambapo aoku inasimamisha sauti bila kuifunga, na hiroshi ndiyo inayotia nukta. Wanasarufi wa Kijapani huliita tumizi hili chūshi-hō, maana yake njia ya kutua katikati. Umbo hilohilo la ku lilipokutana na kitenzi ari, "kuwepo", lilizaa jamii nyingine ya maumbo, na ndiyo sababu wakati uliopita wa leo, takakatta, una silabi zisizoeleweka kwa mtazamo wa kwanza: ni mabaki ya takaku, ari na kitenzi kisaidizi tari, yaliyosagana kwa matumizi ya karne nyingi.

Silabi te ina asili nyingine. Wataalamu wengi wanaiona kuwa ni umbo la kuungia la kitenzi kisaidizi tsu, kilichoonyesha kwamba tendo limekamilika, hivi kwamba kakite hapo mwanzo ilimaanisha "akiisha kuandika". Msomaji wa Kiswahili hatalistaajabia hilo hata kidogo, kwa kuwa kiunganishi "kisha" nacho kimezaliwa na kitenzi "kwisha", na leo hutumika hata pale ambapo hakuna anayefikiria mwisho wa jambo lolote. Safari ya te ilikuwa kama hiyo. Ilipofika hatua ya kuweza kuambatana na kivumishi na kufanya takakute, maana ya ukamilifu ilikuwa imekwisha fifia, kwa sababu urefu wa mlima si tendo linaloanza na kumalizika. Kivumishi chenye te ni ushahidi kwamba silabi hiyo ilikuwa imegeuka kuwa kiungo kitupu.

Lakini habari ya te haihusu mabadiliko ya maana peke yake, bali pia namna Wajapani walivyojifunza kuiona silabi hiyo kwa macho. Kichina, ambacho ndicho kilichowapa maandishi, huweka vishazi bega kwa bega na mara nyingi hakitaji kiungo chochote, ilhali Kijapani hakiwezi kusomwa bila viambishi vya mwisho. Katika amri za kifalme za karne ya 8, zilizohifadhiwa katika kitabu cha historia kiitwacho Shoku Nihongi kilichokamilika mwaka 797, mashina ya maneno yaliandikwa kwa herufi kubwa, na vijisehemu kama te vikaandikwa kwa herufi ndogo pembeni, mgawanyo ambao unaonyesha kwamba waandishi walikwisha kutambua kuwa maneno ni ya namna mbili, yale yenye kutaja vitu na matendo, na yale yenye kufunga.

Watawa wa Kibuddha wa mahekalu ya Nara walilipeleka wazo hilo mbali zaidi. Tangu mwishoni mwa karne ya 8 na mwanzoni mwa karne ya 9, walipokuwa wakisoma vitabu vitakatifu vya Kichina na kuvigeuza papo hapo kuwa Kijapani, walianza kutia alama ndogondogo juu na kando ya herufi, kwa wino mweupe au mwekundu, au kwa kuchora karatasi kwa ncha kavu isiyoacha rangi ila mfuo tu unaoonekana mwanga ukipita kwa ubavuni. Nukta moja ilitosha, kwa kuwa maana yake ilitegemea mahali ilipotiwa. Katika mpango uliokuja kutumiwa na wanazuoni wa kifalme, kila herufi ilichukuliwa kama mraba: nukta ya pembe ya chini kushoto ilisomwa te, ya juu kushoto ni, ya juu kulia wo, na ya chini kulia ha. Mwanafunzi aliyeikuta herufi ya kitenzi yenye nukta pembe ya chini kushoto alijua kwamba haimalizi sentensi, ila inaukabidhi usomaji kwa kitenzi kinachofuata. Kwa kuzifuata pembe hizo nne kama mshale wa saa unavyozunguka likapatikana neno teniwoha, ambalo kwa karne nyingi ndilo lililokuwa jina la vijineno vyote vya sarufi katika Kijapani, na hata leo mtu akiambiwa kwamba teniwoha zake haziko sawa huelewa kuwa maneno yake hayashikani. Elimu ya sarufi ya Kijapani ilianzia hapo, kwenye swali la namna neno moja linavyoshikana na jingine, wala haikuanza kwa kuhesabu majina ya vitu.

Usomaji huo wa Kichina uliacha pia mtindo wake. Katika enzi ya Heian (794–1185) palikuwa na njia mbili za kuunga vivumishi kwa te: wasomaji wa maandiko ya Kichina walipendelea takaku shite, wakiingiza kitenzi "kufanya" kati ya kivumishi na kiungo, ilhali nathari iliyoandikwa kwa herufi za sauti za Kijapani, ambayo mabingwa wake wengi walikuwa wanawake wa baraza la kifalme, ilipendelea takakute. Herufi yenyewe ya te katika maandishi hayo ilitokana na kuchorwa kwa haraka herufi ya Kichina yenye maana ya mbingu. Katika hadithi ya Genji, aliyoitunga Murasaki Shikibu mwanzoni mwa karne ya 11, sentensi huweza kwenda mistari mingi bila nukta wala mkato, kwa kuwa alama hizo hazikuwa zikitumika, na msomaji huongozwa na maumbo ya ku na te ambayo humwambia kila mara kwamba habari haijaisha. Wafasiri wa leo huzikata sentensi hizo vipande vipande, na pengine hawana budi, lakini hasara yake ni kubwa, kwa maana mtiririko ule ndio uliobeba namna mambo ya moyoni yanavyozaana moja baada ya jingine.

Ndani ya enzi hiyohiyo ya Heian sauti zilianza kulegea, na mabadiliko hayo, ambayo wanasarufi huyaita onbin, ndiyo yanayomsumbua kila mwanafunzi wa Kijapani hadi leo. Kabla ya te, silabi ya mwisho ya shina ilipoteza sehemu ya uzito wake: kakite, "akaandika", ikawa kaite; torite, "akachukua", ikawa totte; machite, "akangoja", ikawa matte; yomite, "akasoma", ikawa yonde, na te ikageuka de kwa kufuata mghuno wa sauti iliyoitangulia. Kitenzi iku, "kwenda", kilikataa njia ya wenzake na kutoa itte badala ya iite. Vitenzi vyenye shi navyo viliguswa, kwa maana wakati fulani sashite ilitamkwa saite, lakini vikarudi nyuma, na leo hanashite, "akazungumza", imebaki nzima. Orodha ya "kanuni za te" inayokaririwa madarasani ni mabaki ya uvivu mtamu wa ulimi wa watu walioishi kabla ya mwaka 1200.

Vivumishi vilipatwa na jambo hilohilo, ila sauti iliyodondoka ilikuwa moja tu, konsonanti k. Umbo la ki likawa i, na takaki yama, "mlima mrefu", ikawa takai yama. Umbo la ku likawa u, na takaku ikawa takau, kisha irabu mbili zikaungana na kuwa takō. Hapa Japani iligawanyika. Upande wa magharibi, uliokuwa na Kyoto, makao ya mfalme, ulishika takō. Upande wa mashariki, ambako mji wa Edo, Tokyo ya leo, ulikuwa bado haujapata jina, uliendelea na takaku.

Pamoja na mabadiliko ya sauti kulikuwa na mageuzi ya muundo yaliyotikisa sentensi nzima. Katika Kijapani cha kale, kijineno cha kutia mkazo kama zo kikitajwa katikati ya sentensi kiliulazimisha mwisho wake ubadilike: badala ya yama takashi, "mlima ni mrefu", ilibidi kusemwa yama zo takaki, kwa umbo ambalo kwa kawaida hutangulia nomino. Mpango huu, uitwao kakari-musubi, yaani kuning'iniza na kufunga, ulianza kulegea kadiri watu walivyozidi kumalizia sentensi kwa umbo la ki hata pasipo na zo, kwa sababu ya ladha yake ya mkazo. Ladha inayotumiwa kila siku haikawii kuchujuka. Kufikia enzi ya Muromachi, iliyokuja baada ya Heian, umbo la shi lilikuwa limeondoka katika mazungumzo ya kawaida, likabaki katika maandishi, na umbo moja la i likarithi kazi mbili, ya kumalizia sentensi na ya kutangulia nomino. Tangu hapo anayesikia takai hana njia ya kujua, kwa umbo peke yake, kama sentensi imeisha au nomino inakuja. Ni umbo la kuungia pekee lililosalia na sura yake.

Kundi la pili la vivumishi, lile la maneno kama shizuka, "-tulivu", lilikwenda njia tofauti kidogo. Maneno hayo hayakunyambuka yenyewe, hivyo yalisaidiwa na kijineno ni pamoja na kitenzi ari, vikaungana na kuwa nari. Umbo lake la kutangulia nomino, naru, lilipunguzwa likawa silabi na, ndiyo maana leo husemwa shizuka na machi, "mji mtulivu". Kiungo chake kilikuwa nite, kilichofupishwa kuwa de, na hapo ndipo ilipotoka shizuka de kirei, "-tulivu na -safi". Aliyefundishwa kwamba kundi la kwanza huchukua kute na la pili de, kana kwamba ni desturi mbili zisizojuana, atapata faraja akijua kwamba ndani ya de hiyo ndogo te ingalipo.

Ushahidi bora wa matamshi ya mwisho wa karne ya 16 ulitoka kwa wageni. Mapadri Wajesuti, waliokuwa na mtambo wa kupigia chapa huko Amakusa na Nagasaki, walichapisha vitabu vya Kijapani kwa herufi za Kirumi, wakalazimika kuandika kile walichosikia. Mmoja wao, João Rodrigues, Mreno aliyefika Japani mwaka 1577 akiwa kijana, alitoa huko Nagasaki kati ya 1604 na 1608 sarufi kubwa iitwayo Arte da Lingoa de Iapam. Aliifuata mifano ya sarufi za Kilatini za wakati wake, na mara kwa mara kiunzi hicho kinambana, lakini alikuwa na sikio la ajabu. Aliona kwamba vivumishi vya Kijapani vinanyambuka kama vitenzi, akaviweka katika kundi hilo. Aliona pia kwamba watu wa mashariki husema shiroku na nagaku pale ambapo watu wa Kyoto husema shirō na nagō, na kwamba wao husema naratte, "akajifunza", mahali pa narōte. Ufa ulioanza Heian umeandikwa humo kwa wino mbichi.

Wajapani wenyewe waliirudia mada hii katika karne ya 18 kwa sababu nyingine: walitaka kuyaelewa mashairi ya kale ambayo lugha yake ilikuwa imewapita. Fujitani Nariakira wa Kyoto, katika kitabu chake Ayui-shō cha mwaka 1778, aliyagawa maneno kwa mfano wa mwili uliovikwa. Nomino alizipa nafasi ya mwili, vitenzi na vivumishi alivifananisha na mavazi, maneno yanayotangulia akayaita mapambo ya nywele, na vijineno vya mwisho, te ikiwemo, akaviita ayui, kamba ambazo mtu alifungia vazi chini ya magoti ili aweze kutembea. Motoori Norinaga, tabibu wa mji wa Matsusaka, alichora mwaka 1771 jedwali la kakari-musubi, kisha akakamilisha mwaka 1779 kitabu Kotoba no tama no o, ambacho jina lake lamaanisha uzi wa shanga za maneno: shanga ziwe nzuri namna gani, pasipo uzi hutawanyika. Mwanawe Haruniwa, aliyepofuka akiwa na miaka thelathini na kitu, aliendelea na kazi akisaidiwa na macho ya jamaa zake, na kitabu chake Kotoba no yachimata, kilichotoka mwaka 1808, kiliipanga minyambuliko ya vitenzi kwa utaratibu ambao haujaachwa.

Aliyefunga kazi hiyo ni mtawa Tōjō Gimon (1786–1843) wa mkoa wa Wakasa. Yeye ndiye aliyeyapa maumbo majina ambayo, kwa kurekebishwa kidogo, yanafundishwa mpaka sasa: ren'yō, "kuunga na neno linalonyambuka", na rentai, "kuunga na neno lisilonyambuka". Sarufi ya Kilatini huziita hali za maneno kwa maana zake, kama vile kutoa, kumiliki au kuamuru. Gimon aliyaita maumbo haya kwa jirani yanayemngojea. Ni uamuzi wa kisayansi wa hali ya juu, nao haukuazimwa popote; ulikuwa ukisubiri tangu watawa wa Nara walipotia nukta zao.

Baada ya mabadiliko ya utawala ya mwaka 1868 Japani ilihitaji lugha moja ya shule, magazeti na jeshi. Maandishi rasmi bado yalimalizikia kwa shi na nari, huku midomo ikisema i na da, na kuanzia miaka ya 1880 waandishi kama Futabatei Shimei, mwenye riwaya ya Ukigumo, wakaanza kuandika kama watu wanavyosema. Basil Hall Chamberlain, Mwingereza aliyefundisha katika chuo kikuu cha Tokyo, aliwaeleza wageni mwaka 1888 kwamba umbo la te ni la lazima kwa anayetaka kuunga vishazi, akaliazimia jina kutoka sarufi ya Kilatini. Mwaka 1906 Wizara ya Elimu ilitoa rasimu ya matumizi ya nukta na mkato, na kwa mara ya kwanza kazi ambayo ku na te zilikuwa zikiifanya peke yake ikapata msaidizi. Mwaka 1916 tume ya serikali ya lugha ikachapisha Kōgohō, sarufi ya lugha ya mazungumzo iliyojengwa juu ya usemi wa watu wenye elimu wa Tokyo. Hivyo takaku ya mashariki ikaishinda takō ya Kyoto.

Leo maumbo yote mawili ya kuungia yanaishi pamoja. Ku peke yake ina sauti ya maandishi, na mwandishi wa habari huipendelea kwa kuwa huviweka vishazi sambamba bila kudai uhusiano. Kute ni ya mazungumzo, na hubeba zaidi ya "na". Katika samukute nerarenai, "kuna baridi, siwezi kulala", te inakuwa sababu bila neno "kwa sababu" kutajwa. Pia inataka sifa zinazokwenda upande mmoja: chakula huwa yasukute oishii, cha bei nafuu na kitamu, lakini kilicho nafuu na kibaya huhitaji kiunganishi cha kupinganisha, yasui ga, mazui. Mgeni anayelisahau hili haeleweki vibaya, ila husikika kama mtu anayepanga vitu bila kuvipima.

Takō nayo haikufa. Usemi wa heshima wa Edo ulikuwa umeazima adabu ya Kyoto, na pamoja na kitenzi cha unyenyekevu gozaimasu ukachukua kivumishi kilichodondosha k ya ku, hivyo mtu wa Tokyo aliyesema takaku nyumbani alisema takō gozaimasu mbele ya mgeni. Mwaka 1952 Baraza la Lugha ya Taifa liliikubali takai desu kuwa njia ya kawaida na ya adabu ya kumalizia kivumishi, na maumbo marefu yakaachiwa maamkizi na pongezi. Omedetō, "hongera", inatokana na kivumishi medetai, na arigatō, "asante", ni arigataku, "kwa namna iliyo adimu kuwepo". Ohayō, wanayoamkiana asubuhi hata watoto wa Tokyo ambao hawajapata kusema takō, ni hayaku, "mapema", iliyodondosha k yake katika enzi ya Heian.